Misali: Kisiwa Kilichoitwa Mswala

Baina ya pwani ya kusini ya Kenya na kisiwa cha Pemba pana mkondo wa bahari ambao kina chake hupita mita 700. Wazee wetu wa Vanga na Wasini hawakuuhesabu mkondo huo kuwa mpaka. Kwao ulikuwa njia. Msimu wa kaskazi uingiapo, wavuvi wa Kipemba huuvuka kwa vyombo vyao, wakapiga dago katika fukwe zetu, na wengi wao wakaoa na kuzaa huku huku. Wazao wao ndio wale ambao Serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia mwaka 2023, baada ya kuishi miaka mingi bila vitambulisho. Kwa hivyo, kuizungumza Pemba si kuzungumza ugenini. Ni nyumba ya jirani, na jirani huyu ana jambo la kutufunza juu ya bahari.

Msafiri atokaye Mombasa hupitia Tanga au Unguja hadi kufika Chake Chake, mji uliozungukwa na vilima vya mikarafuu. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kuteremka hadi bandari ya Wesha, na kutoka Wesha chombo huelekea magharibi. Mbele hutokea kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, chenye msitu, mapango na fukwe nyeupe ambako kasa hupanda usiku kutaga mayai. Hicho ndicho Misali. Hakina kijiji, bali kwa vizazi vingi wavuvi wamekifanya kituo cha kupumzikia na kulala wakingoja maji.

Jina lake lina kisa. Watu wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhri, amani iwe juu yake, alifika hapo na kuwaomba wavuvi mswala ili aswali. Wavuvi hawakuwa nao. Akakitazama kisiwa, akakiona kimeelekea kibla, akasema kwamba kisiwa chenyewe kitakuwa mswala wake. Usahihi wa kisa hiki anaujua Mwenyezi Mungu. Sisi tunakipokea kama simulizi ya wazee. Lakini tutazame simulizi hii imefanya kazi gani. Mtu hatupi taka juu ya mswala, wala haupondi kwa mawe. Aliyelelewa akiambiwa kuwa kisiwa ni mahali pa sijida hukiendea kwa adabu.

Katika miaka ya 1990 adabu hiyo ilitiwa mtihanini. Palikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa ili ijengwe hoteli, na wavuvi wakaupinga, kwa kuwa miamba ya Misali ndiyo iliyokuwa ikizilisha jamaa zao. Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ikakitangaza kisiwa na bahari yake kuwa eneo la hifadhi. Uvuvi haukupigwa marufuku kote. Katika eneo la kilomita za mraba zisizopungua 20, kiini kisichofika kilomita za mraba 2 ndicho kilichofungwa kabisa. Kwingineko mvuvi aliendelea kuvua, ilimradi atumie zana zisizoharibu.

Hekima ya kufunga kiini kidogo yaeleweka hata na asiyesoma. Samaki mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko mdogo. Aachwapo mahali pa salama akakua, mayai na makinda yake huchukuliwa na maji hadi kwenye miamba iliyo wazi, na wakubwa nao, nafasi iwapo finyu, huvuka mpaka na kuingia mtegoni. Kiini kilichofungwa ni kama mbegu ambayo mkulima haili hata mwaka wa njaa. Baruti, kwa upande wake, huua samaki, makinda, na nyumba yao kwa pigo moja. Matumbawe yaliyovunjwa huchukua miaka mingi kurudi.

Hata hivyo, kanuni iliyoandikwa mjini haina macho baharini. Doria ni chache, mafuta ya boti ni ghali, na usiku ni mrefu. Ndipo mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 wahusika wa hifadhi walipouelekea msikiti. Kwa ushirikiano na IFEES, taasisi ya mazingira ya Kiislamu iliyoanzishwa na Fazlun Khalid huko Birmingham, Uingereza, maimamu, walimu wa madrasa na wavuvi walikaa pamoja kuyapitia mafundisho wanayoyajua tangu utoto: kwamba mwanadamu ni khalifa katika ardhi wala si mmiliki, kwamba israfu ni haramu hata katika neema, kwamba Mtume (S.A.W.) aliitenga Madina, akakataza miti yake kukatwa na wanyama wake kuwindwa. Mambo hayo hayakuwa mageni. Kilichokuwa kipya ni kuyatia baharini, na khatibu kuitaja baruti juu ya mimbari.

Hapo ndipo penye funzo la Misali. Anayemwogopa askari hungoja askari aende zake. Anayejua kuwa anaonwa na Mola wake hana pa kujificha, hata akiwa peke yake juu ya mwamba usiku wa manane.

Lakini haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Mawaidha hayaingii chunguni. Baba aliyezoea mwamba wa karibu, akiambiwa leo usiuguse, hulazimika kwenda mbali kwa ngalawa ile ile, na watoto wake hawangoji samaki wakue. Kwa hivyo kufunga bahari pasi na kumfikiria huyu ni dhuluma, hata ikivikwa kanzu ya hifadhi. Huko huko Pemba, katika Kisiwa Panza, imejaribiwa njia iliyo nyepesi kwake: wanakijiji huufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache, kisha huufungua kwa siku waliyokubaliana. Pweza hukua upesi mno, na subira ya msimu mmoja huonekana katika mizani. Akina mama wanaochokoa pweza maji yanapokupwa huiona faida kwa macho yao, na kanuni iliyolipa haihitaji mlinzi mwenye bunduki.

Kwetu Kenya mlango huu u wazi. Kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi kamati zao za kusimamia fukwe, maarufu kwa jina la BMU. Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wanakijiji walitenga hekta 30 za bahari wakaziita tengefu, na mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kilichopungua katika fukwe zetu nyingi ni sauti ya mimbari na mazungumzo ya nyumbani.

Mazungumzo hayo yaweza kuanzia sokoni. Mnunuzi akikataa changu wa urefu wa kidole, juya linalokokota makinda hukosa soko. Mzazi na amweleze mwanawe kwa nini amekataa. Mwalimu wa madrasa na alitie somo la maji na samaki katika mlango wa amana, na imamu aulize hali ya wavuvi wa mtaa wake kabla ya kuwakanya, ili nasaha itangulie na msaada ufuate.

Bahari hii tuliikuta, na wako watakaoikuta baada yetu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaorudisha amana ikiwa timilifu. Amin.