Kasri Iliyosimamiwa na Mama

Akina mama, ukitoka kwa miguu mji wa Amboise, Ufaransa, na kupita msitu wa mialoni, utafika kasri ya Chenonceau iliyo juu ya mto Cher. Mwenye kasri, Thomas Bohier, alikuwa mbali vitani Italia. Aliyesimamia mafundi, tangu 1513, ni mkewe Katherine Briçonnet. (Nasi twajua nyumba kama hizo!) Baadaye Diane de Poitiers alijenga daraja, na Malkia Catherine de Médicis akaweka ukumbi mrefu juu yake. Katika vita vya 1914–1918 ukumbi huo ulilaza majeruhi. Wajerumani walipoteka ng'ambo ya kaskazini mwaka 1940, wakimbizi walipenya humo, wakatokea mlango wa kusini, wakawa huru.