Baraza Nje ya Mlango

Katika mji wa kale wa Lamu, uliotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, nyumba nyingi za mawe zina daka mbele ya mlango, lenye mabaraza yanayokabiliana. Mgeni huketi hapo akazungumza na mwenyeji uso kwa uso, bila kuvunja sitara ya walio ndani. Mpita njia naye hujuliwa hali. Neno baraza ni kiti hicho, tena ni mkutano, kama ule wa chifu.

Siku hizi wengi wetu twajenga ukuta mrefu na lango la chuma. Jirani akiugua, twapata habari siku ya mazishi. Mimi naona yafaa, ndugu msomaji, umwagizapo fundi nyumba, umwagize na baraza. Gharama yake ni mawe machache. Faida yake ni ujirani.