Basi la usiku kwenda Njombe? Chukua koti kwanza, ubishi baadaye!

Mtoto wa mjini ukimwambia habari za baridi anacheka. Baridi gani bwana, na Dar hii jua linachoma mpaka lami inanata kwenye ndala? Sasa mwambie apande basi la usiku kwenda Njombe mwezi wa saba. Ule ujanja wote wa Kariakoo na Sinza unamwishia palepale Kitonga, meno yakigongana kama mtu anayepiga kayamba.

Najua ninachosema, msomaji wangu. Yalinikuta Julai 2024, na shahidi yangu ni mzee wangu mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Simu ikapigwa kutoka kijijini kwamba bibi, mama yake baba, hali yake si nzuri na anamwulizia mwanawe. Baba alisikiliza, akasema "haya," akakata simu. Akainama chini ya kitanda, akavuta begi jeusi. Begi limeshajaa, zipu imefungwa. Mimi nikabaki kinywa wazi. Huyu mzee kalipanga saa ngapi?

Kumbe lile begi lilikuwa na historia.

Kwa nini mzee analala na begi chini ya kitanda

Ninyi vijana wenzangu wa juzi huenda mmesahau. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalikatazwa kusafiri usiku kucha hapa Tanzania, kwa sababu ya ajali na majambazi waliokuwa wanateka magari njiani. Giza likikukuta katikati ya safari, basi linalala na ninyi mnalala nalo. Ukipata taarifa ya msiba mchana, ndugu yangu, huna la kufanya ila kusubiri basi la alfajiri.

Mwaka 2009 baba alipata taarifa ya kifo cha babu saa saba mchana. Alikesha kituo cha Ubungo, akapanda basi la kwanza, akafika nyumbani giza limeshaingia. Kaburi limeshafukiwa. Kule hakuna chumba cha barafu cha kumtunza mtu, na wazee hawangoji. Baba hakulaumu mtu. Lakini mama anasema kuanzia hapo, simu ikilia usiku mzee alikuwa anakaa kitako kabla hajaipokea.

Katazo liliondolewa mwaka 2023. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilitangaza bungeni mwezi Juni, na kufikia Oktoba mabasi yenye kibali cha LATRA yakaanza kukata mbuga usiku. Wengine tulishangilia kwa sababu ya kuwahi biashara au harusi. Baba yeye alinunua begi.

Jioni hiyo mimi nikajitupia fulana, suruali ya jinzi na viatu vya wazi. Koti nikalitia kwenye begi, na begi nikalitupa kwenye buti. Baba alinitazama kutoka juu mpaka chini.

"We unakwenda Njombe au unakwenda Coco Beach?"

Nikacheka. Yeye alivaa koti zito la zamani, soksi mbili mbili, kofia ya sufu ipo mfukoni, chupa ya chai mkononi. Nikamwona mshamba. Ole wangu!

Kwanza tiketi

Mabasi ya mikoani sasa yanaanzia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021. Ukishuka tu kwenye daladala, wapiga debe watakuvamia kama una harusi nao. Mmoja ameshika begi, mwingine ameshika mkono, wa tatu anakuita "bosi". Usimpe mtu hela mkononi. Nenda mwenyewe mpaka ofisini, kata tiketi ya mashine, isome palepale: jina lako, namba ya siti, namba ya basi na saa ya kuondoka.

Siti je? Vijana wengi wanagombania ya mbele kabisa ili waone njia. Usiku utaona nini, zaidi ya taa za malori yanayokuja usoni? Kaa katikati, mbali na matairi ya nyuma yanayokurusha kwenye kila tuta. Dirishani ni pazuri kwa kuegemea, ila hakikisha kioo kinafunga. Kioo kilicholegea hapo Mbezi ni burudani, lakini huko mbele ni adhabu.

Na usione haya kuuliza hili: dereva wa pili yuko wapi? Safari ndefu namna hii sheria inataka madereva wawili wapokezane. Baba aliuliza. Utingo akasonya kidogo, lakini akamwonyesha jamaa aliyejikunyata siti ya nyuma, anakoroma. Baba akasema, "Huyo aachwe alale." Na ukiona mwendo unazidi, sema. Ndani ya basi kuna watu hamsini na zaidi, na wote wanangoja mwenzao aanze kusema.

Tumbo nalo lipangwe

Hapa ndipo watu wanapoumbuka. Kijana anashiba ugali, maharage na soda mbili baridi, halafu anapanda basi la saa kumi na mbili au zaidi. Unategemea nini? Kula mapema, kula kidogo. Beba ndizi mbivu, karanga, chapati kavu. Samaki wa kukaanga kutoka Feri mpelekee shangazi akiwa amefungwa vizuri, usimfungue safarini. Utachukiwa na watu ambao hata majina yao huyajui.

Maji unywe kwa vifundo. Dereva hasimami kila unapotaka kuchimba dawa, na akisimama ni porini, giza totoro, dakika tano. Kina dada, khanga moja mkononi itakusaidia kuliko mkoba wa bei mbaya. Kama basi linakuchafua tumbo, kipande cha tangawizi au limau la kunusa ni rafiki. Mfuko wa kutapikia uwe wa karatasi, maana ile ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019.

Na biskuti ya mtu usiyemjua? Kataa kwa adabu. Sema umefunga. Wapo waliokubali juisi ya jirani mwema, wakaja kuamka mwisho wa safari bila simu, bila saa, bila viatu. Hela igawe: nauli ya dharura kwenye soksi, ya matumizi mfukoni, nyingine iache kwenye simu yenye namba ya siri. Simu yenyewe ijaze chaji nyumbani, usitegemee ile tundu ya kwenye siti.

Halafu ikaja Kitonga

Tuliondoka saa moja usiku. Morogoro tukapita saa tano, watu bado wanapiga soga. Mikumi, ambapo barabara inakatiza hifadhi kwa kilometa kama 50, taa za ndani zikazimwa na dereva akapunguza mwendo, kwa sababu pale mnyama havuki kwa ratiba. Tukateremka bonde la Ruaha Mbuyuni, penye mibuyu na vitunguu, joto kama la Dar. Nikamwambia baba, "Si unaona? Baridi iko wapi?" Hakujibu. Alikuwa anatazama saa.

Kitonga tuliingia saa tisa na nusu. Kwa asiyeijua, ule ni mlima wa kona juu ya kona: upande mmoja jabali, upande mwingine korongo. Malori ya Zambia na Kongo yanaupanda yakilia kama yanaomba msamaha. Usiku huo moja likakwama kwenye kona. Foleni ikasimama. Injini zikazimwa.

Hapo ndipo nilipoujua ukweli. Ubaridi ulianza kwenye vidole vya miguu, ukapanda magotini, ukafika mgongoni. Nikamfuata utingo anifungulie buti. Akanicheka waziwazi: "Koti liko chini ya magunia, mshikaji. Subiri Iringa."

Nikarudi nimejikumbatia. Baba hakusema neno. Akafungua lile begi jeusi, akatoa blanketi, akatoa na kofia ya pili. Ya pili! Akamimina chai. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, na haikuwa baridi, maana yeye alivaa vizuri. Akauliza taratibu, "Unadhani tutakaa hapa mpaka saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwona mzee wangu wa miaka sitini na kitu akihesabu dakika kama mtoto. Nikaelewa kwamba tangu Mbezi yeye alikuwa barabara ya mwaka 2009.

Lori lilivutwa saa kumi na moja alfajiri.

Asubuhi ya milimani

Iringa kulipambazuka, ukungu umefunika mji. Mafinga misitu ya misonobari imesimama kimya pande zote. Makambako, pale njia ya Mbeya na ya Songea zinapoachana, upepo ulikuwa unakata masikio. Koti langu nilishalitoa, na kofia ya baba sikuivua. Saa nne asubuhi tukashuka Njombe, mji unaokaribia mita 2,000 juu ya bahari. Akina mama wanauza viazi na maparachichi wamejifunga mablanketi mabegani, wanakusalimu "Kamwene!" na moshi unawatoka mdomoni.

Bibi tulimkuta. Amelala karibu na moto, sauti ndogo, akili timamu. Alimshika baba mkono, kisha akanitazama miguu yangu ndani ya vile viatu vya wazi.

"Huyu mtoto anatoka baharini?"

Watu wote walicheka, na baba alicheka kuliko wote. Nilimpa bibi nazi mbili nilizomletea kutoka Dar. Moja alisema itafaa kuzuilia mlango.

Tulikaa naye siku nne, na siku ya tano akatutoka. Safari hii baba alikuwepo. Alishika jembe mwenyewe, akatupia udongo, akasimama pale mpaka watu wote wakaondoka.

Kwa hiyo msomaji wangu, nikikwambia funga koti mkononi na si kwenye buti, usidhani nakutania. Nikikwambia jua ratiba, weka akiba ya nauli, uliza dereva wa pili, sio uoga wa kizee. Ipo siku simu itapigwa saa nane mchana na hutakuwa na muda wa kutafuta soksi.

Mimi nyumbani kwangu sasa kuna begi chini ya kitanda. Lina blanketi, soksi mbili mbili, na kofia mbili. Ya pili ni ya yule atakayepanda akidhani anakwenda Coco Beach.

Safari njema, na tukutane wiki ijayo!