Gari Liko Wapi?

Nilianza kazi Embu mwaka 2005, karani wa ghala la bidhaa za dukani: sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Asubuhi niliandika nambari ya lori, jina la dereva na la utingo, na saa ya kuondoka. Baada ya hapo lori lilikuwa la Mungu mpaka jioni, liliporudi na mauzo ndani ya bahasha. Ilipokuja M-Pesa mwaka 2007, wenye maduka walichelewa kuiamini, lakini kidogo kidogo zile jioni za kuhesabu noti zilipungua. Nikabaki na swali moja la kunisumbua: gari liko wapi?

Aliyenifunza barabara ni dereva mmoja mzee wa Runyenjes. Kutoka Embu hadi Meru ni kilomita 130 hivi, na mimi nilipanga safari kwa kilomita. Mzee akaniambia nihesabu mabonde. Njia hiyo inapita ubavuni mwa Mlima Kenya, na kila mto ushukao mlimani umejichimbia bonde lake: Thuci, Nithi, Mutonga. Lori lenye tani kumi hushuka kwa gia nzito na kupanda likikohoa. Ukiacha lami kuelekea Nyambene wakati wa mvua za Aprili, udongo mwekundu ni sabuni. Na huko hakuna jina la mtaa wala nambari ya nyumba. Unaelekezwa kwa kiwanda cha kahawa, posho mili, kanisa la mabati ya bluu. Nikaanza daftari la alama hizo, nikiandika kila walichoniambia matingo.

Nilipohamishiwa Meru, niliongezewa mafundi wa paneli za sola waliozunguka Tigania, Igembe na Tharaka. Lori likishusha mzigo limemaliza. Fundi anaweza kushinda juu ya paa moja kutwa nzima, huku wateja wengine watatu wakimngoja. Ndipo kampuni ikafunga vifaa vya GPS. Wakubwa walifurahi: kila gari sasa ni nukta kwenye skrini.

Lakini nukta ikisimama Igoji saa nzima, haisemi kama ni pancha, polisi, chakula cha mchana au mteja anayebishana kuhusu bei. Kusema hayo ni kazi ya dereva, na madereva walikuwa na jibu moja tu: "Niko karibu, madam." Walisema hivyo hata wakiwa bado Chuka, kwa sababu ofisi ilizoea kufoka. Nikaweka sharti: habari mbaya ikiletwa mapema haina adhabu, ikifichwa, tutaonana. Haikushika mara moja. Ilishika siku dereva alipopiga asubuhi kusema mto umefurika na mzigo hautafika, nami nikamshukuru mbele ya wenzake. Mwenye duka akiambiwa saa tatu kwamba mzigo ni kesho, anajipanga. Akiambiwa saa kumi na moja jioni, umempoteza.

Uingereza iliipiga miraa marufuku mwaka 2014, kisha soko la Somalia likafungwa kuanzia 2020 hadi Julai 2022. Vijana waliozoea kukimbiza pikapu kutoka Maua kwenda Nairobi walikuja kuomba kazi kwetu. Walikuwa madereva hodari. Miraa hupoteza thamani ndani ya siku mbili hivi, kwa hiyo mwendo ulikuwa ndio mkate wao. Kwangu walilazimika kujifunza upole: sukari haikauki. Na mwezi uleule wa Julai 2022, basi lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, watu zaidi ya thelathini wakafariki. Tangu hapo lori langu likikutwa na giza kabla ya Nithi, hulala Chuka au Nkubu, kutegemea linakotoka. Gharama ya kulala naitetea mwenyewe kwa wahasibu.

Siku hizi naletewa vijana wa chuo niwafunze usimamizi. Programu wanaijua kunishinda. Nawapandisha kwanza kwenye lori, kiti cha utingo, mpaka Maua na kurudi, msimu wa mvua. Kijana akishajua kwa nini gari hukawia njiani, na dereva akishamzoea kiasi cha kumwambia ukweli, ndipo nampa skrini.