Mwaka Mmoja Katikati ya Njia

Katika nyumba moja ya Kamembe, wilayani Rusizi, ambako mtu akisimama barazani huyaona maji ya Ziwa Kivu na vilima vya Bukavu ng'ambo yake, karatasi moja ya maombi ilikaa mezani siku tatu bila ya kujazwa. Ilikandamizwa kwa kikombe ili upepo usiipeperushe. Kila mtu wa nyumba hiyo aliipita, akaitupia jicho la pembeni, kisha akaenda zake kana kwamba hakuiona.

Mwenye nyumba ni sajenti mstaafu wa jeshi. Mkewe huuza sambaza sokoni, naye huamka kabla ya jogoo wa pili. Wamejaaliwa watoto watatu. Mkubwa ni binti anayesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wa pili ni binti aliye katika shule ya sekondari ya bweni, na kitinda mimba ni mvulana wa miaka tisa. Yule mkubwa alikuwa amekuja likizo baada ya kumaliza mwaka wa pili, kwa safari ndefu ya basi kupitia Kampala na Kigali, na hatimaye msitu wa Nyungwe. Karatasi hiyo aliileta yeye, na ndiyo iliyoingiza ukimya nyumbani.

Shahada ndani ya shahada

Jambo lenyewe ni hili. Kitivo cha udaktari cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1967, na masomo yake huchukua miaka 6. Miaka ya mwanzo mwanafunzi huisoma Chiromo, akijifunza namna mwili ulivyoumbwa na unavyofanya kazi. Baadaye huelekea Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Kati ya hatua hizo mbili mwanafunzi aliyefaulu vizuri aweza kusimama mwaka mmoja, akasoma somo moja kwa undani, mathalani anatomia, akafanya utafiti wake mdogo na kupewa shahada ya sayansi. Kisha hurudi kwenye udaktari pale alipouachia. Ni shahada ndani ya shahada, na kwa lugha nyepesi yaweza kuitwa shahada ya katikati.

Desturi hii imeenea sana Uingereza. Katika vyuo vya Oxford na Cambridge si hiari, bali ni sehemu ya lazima ya masomo ya udaktari.  Roger Bannister, mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika 4, tarehe 6 Mei 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Kabla ya kwenda London kumalizia masomo ya hospitalini, alikaa Oxford akitafiti jinsi binadamu anavyopumua anapofanya kazi ngumu. Sajenti alipoelezwa habari hiyo alicheka, akasema kwamba laiti angaliijua elimu hiyo zamani, asingalihema namna ile kwenye milima ya mazoezi. Lakini kicheko hicho hakikumaliza shauri.

Hoja za baba

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Binti aliishika ya kwanza, baba akaishika ya pili.

Hoja za baba hazikuwa za mtu asiyethamini elimu. Mwaka mmoja zaidi ni karo zaidi, kodi ya chumba zaidi, na chakula cha mji wa ugenini. Binti wa pili alikuwa amebakiza miaka mitatu ya sekondari, na pensheni haiongezeki kwa kuwa watoto wameongeza masomo. Isitoshe, nchi yenyewe ina haraka. Mwaka 2023 Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza mpango wa kuongeza idadi ya wahudumu wa afya mara nne katika muda wa miaka minne. Baba aliuliza, kwa sauti ya askari aliyezoea kuhesabu watu wake asubuhi: “Zamu ikiwa na pengo, nani asimame mahali pako kwa mwaka huo?”

Kisha akanyoosha mkono kuelekea Bukavu. Ng'ambo ile ndiko alikofanya kazi Daktari Denis Mukwege, aliyesomea udaktari Burundi akikusudia kuwa tabibu wa watoto. Alipofanya kazi katika hospitali ya Lemera aliona jinsi akina mama walivyokuwa wakiteseka na kufa kwa uzazi, akabadili nia, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, na mwaka 2018 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Shahada yake ya uzamivu aliipata Brussels mwaka 2015, akiwa na umri wa miaka 60, kwa utafiti uliohusu majeraha aliyokwisha kuyatibu kwa miaka mingi. “Yeye aliwatibu kwanza,” alisema baba. “Kitabu kilimngoja.”

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na binti alikaa kimya. Baadaye alijibu kwa adabu kwamba wapo pia waliozishika kazi zote mbili kwa pamoja. Daktari Paul Farmer alisoma udaktari na anthropolojia sambamba katika Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu yote mawili mwaka 1990. Elimu ile ya pili ndiyo iliyomfundisha kuuliza kwa nini maskini huugua zaidi na hutibiwa mwisho. Alifanya kazi nchini Rwanda kwa miaka mingi, akafariki dunia Butaro tarehe 21 Februari 2022. Huko Butaro kuna chuo kikuu alichoshiriki kukiasisi, ambako wanafunzi wa udaktari, tangu kundi la kwanza la mwaka 2019, husomea pia shahada ya uzamili katika utoaji wa huduma za afya. Hapo hakuna anayeulizwa kama anataka au hataki, kwani masomo hayo mawili yamesukwa kuwa ukili mmoja.

Swali la mama

Mama alikuwa akichambua sambaza kwenye ungo. Alisikiliza pande zote mbili mpaka mwisho, ndipo akauliza: “Mwanangu, mwaka huo unataka kujua nini?”

Binti alijibu kwamba atasoma anatomia. Mama akasema hilo ni jina la somo. Yeye aliuliza juu ya jambo analotaka kulijua. Binti akaeleza kwamba wanafunzi hodari wengi huchagua anatomia, kwamba anayetaka kuwa mpasuaji hufaidika nayo, na kwamba shahada mbili zitampendeza mwajiri. Yote hayo yalikuwa kweli. Watafiti wa Nairobi wamefanya kazi ya maana kupima mishipa ya damu ya watu wa Kenya, maana vitabu vingi vya somo hilo vilitungwa kwa kuchunguza miili ya watu wa nchi nyingine. Lakini binti mwenyewe alihisi kwamba jibu lake lilikuwa tupu. Alikuwa amechagua njia kwa sababu wenzake wamekwisha kuipita.

Tena hiyo faida ya cheti si ya kutegemewa. Huko Uingereza, kwa miaka mingi, daktari mpya mwenye shahada ya ziada alipewa alama za kumsaidia kupata nafasi ya kazi aliyoitaka. Alama hizo ziliondolewa kwa wale walioanza kazi mwaka 2023. Waliosoma kwa ajili ya alama walibaki na karatasi. Waliosoma kwa ajili ya jambo fulani walibaki na jambo lao.

Homa ya Bugarama

Siku ya pili ya ukimya huo, kitinda mimba alirudishwa kutoka kwa bibi yake huko Bugarama, kusini mwa wilaya, kwenye bonde la joto lenye mashamba ya mpunga na mbu wengi. Alikuwa ameugua malaria. Mshauri wa afya wa kijiji alimpima damu, akampa dawa ya mseto, naye bibi alihakikisha kila kidonge kimemezwa kwa saa yake. Hata hivyo homa ilichelewa kushuka, ikabidi apelekwe kituo cha afya, ambako alitibiwa hata akapona. Alifika Kamembe amekonda, lakini anadai chakula.

Bibi aliyemleta aliketi barazani, akauliza bila ya kumkusudia mtu: “Dawa ni ile ile, mtoto ni yule yule. Mbona safari hii imekawia hivi?”

Binti alijua kwamba homa ya mtoto mmoja haithibitishi kitu; yaweza kukawia kwa sababu nyingi. Lakini alijua pia kwamba mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa wamegundua nchini Rwanda vimelea vya malaria vyenye badiliko la urithi linalohusiana na usugu dhidi ya artemisinini, dawa ambayo ndiyo mhimili wa mseto huo. Vipi badiliko dogo namna hiyo humwezesha mdudu asiyeonekana kwa macho kustahimili dawa? Swali hilo ni la biokemia. Usiku huo hakulala mapema. Aliandika kwenye daftari sentensi moja tu, akaifuta, akaiandika tena.

Siku ya tatu asubuhi alimsomea baba yake sentensi hiyo: alitaka kujua ni kwa njia gani vimelea vya malaria hustahimili dawa, na namna ya kulitambua jambo hilo mapema katika damu ya mgonjwa. Mwaka mmoja haungetosha kulijibu swali lote. Ungetosha kumfundisha namna ya kuliuliza, kulipima, na kutodanganyika na jibu la haraka. Daktari asiyejifunza hayo huweza kuandika dawa ile ile miaka 20 bila ya kugundua kwamba imekwisha kupungua nguvu.

Sajenti alitafakari. Askari huelewa habari ya adui anayebadili mbinu, na ya mtu anayetumwa mbele kupeleleza ilhali wenzake wanamngoja. Akaweka masharti matatu. Karo ya mdogo wake italipwa kwanza, kabla ya kitu kingine. Binti atatafuta ufadhili wa chuo, na asipoupata, mwaka huo ataacha safari za likizo na kufundisha wanafunzi wa shule jioni ili apate kodi ya chumba. La tatu, mwaka ni mmoja; ukiisha, atarudi wodini hata kama swali halijaisha, kwa kuwa Mukwege naye alilimaliza lake uzeeni. Binti aliyakubali yote. Aliyejutia sharti la pili ni mama, ambaye hatamwona kwa mwaka mzima, lakini hakulisema mbele yake.

Zipo nyumba nyingi zenye karatasi ya namna hiyo mezani, na si lazima iwe ya udaktari. Mzazi anayeombwa mwaka mmoja zaidi ana haki ya kuuliza utagharimu nini na nani atakayebeba mzigo. Lakini swali la mama wa Kamembe ndilo litangulie. Kijana asiyejua anataka kujua nini, na aendelee na safari yake bila ya kuona haya, kwani kumaliza kwa wakati nako ni heshima. Mwenye swali lililomkosesha usingizi, na asikilizwe.

Karatasi ilijazwa mchana wa siku hiyo. Mahali pa somo paliandikwa biokemia. Kikombe kilirudishwa jikoni, na mvulana akanywea uji.