Kamera ya filamu: anza na 35mm

Huko mtandaoni watakuambia ununue kamera ya 120 kwa sababu negativu ni kubwa. Ni kweli, ya 6x6 inapita fremu ya 35mm zaidi ya mara tatu. Lakini piga hesabu, buda. Rola ya 120 kwa 6x6 ni picha 12. Ya 35mm ni 36, na ukiangukia Olympus Pen ya zamani, ile ya nusu fremu, unatoa 72.

Mimi nataka kupiga watu wa huku Rhonda. Mama mboga, wasee wa boda, na shosho wangu. Shosho ana picha tatu tu za ujana wake, zote za mpiga picha wa mtaa aliyekuwa anazirudisha baada ya wiki. Wazee kama hao bado wako, na kamera zao zimelala kabatini tangu simu ziwanyang'anye kazi. Waulize kwanza, kwa heshima. Mtandaoni hata vumbi linauzwa.

Ukiipata, fungua mgongo bila filamu ndani. Piga shata kwa sekunde moja, halafu 1/500, usikie tofauti. Mulika lenzi na tochi ya simu: ukiona nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu, rudisha. Sponji ya mlango ikinata kama lami usiogope, inabadilishwa. Itumie kushusha bei.

Kitakachokumaliza ni filamu na kuosha, si kamera. Najipa rola moja kwa mwezi. Ya kwanza yote ni ya shosho, na ameshaniuliza avae leso gani.