Boxer ya Mzee, Mapambo Yangu

Kule Kimwani, kusini mwa Muleba, miaka ile ya 2014 hadi 2016, pikipiki karibu zote za kijiwe chetu zilikuwa za watu wengine. Kadi iko kabatini kwa mwalimu au kwa mnunuzi wa kahawa. Sisi tulikuwa na funguo na hesabu ya shilingi elfu tano kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe. Boxer niliyoiendesha ilikuwa ya mzee mmoja mstaafu. Ilikuwa nyekundu, na nyekundu zilijaa kijiweni hadi abiria anapanda ya huyu akidhani ni ya yule. Mapambo yalianzia hapo.

Kwanza kiti. Fundi wa Muleba mjini alikifungua kwa spana, akabandua ngozi ya kiwandani, akaongeza sponji upande wa abiria, maana akina mama wa sokoni walikuwa wakilalamikia viuno, kisha akavika leza nyeusi yenye uzi mweupe. Halafu raba ya nyuma ya kuzuia tope. Hiyo ilikatwa kwenye tyubu kuukuu ya lori, ikasuguliwa kwa msasa ili rangi ishike, na mchora vibao akaandika kwa rangi ya njano: MAMA NIOMBEE.

Tangu siku hiyo jina nililopewa na wazazi likapumzika. Nikawa Niombee. Jirani yangu kijiweni alikuwa Muda Mwalimu, na mwenzetu aliyesumbuliwa na tajiri kuliko sote alijiandikia HAWALALI. Raba za Kyamyorwa, za Muleba na za Muhutwe nilizijua kabla sijazijua sura za wenyewe. Ukipishana na mtu unapiga honi mara mbili, unachungulia kwenye kioo cha pembeni usome, basi mmeshafahamiana. Watani husema watu wa Kagera tunapenda kuonekana, eti nshomile, yaani wenye majivuno ya usomi. Sibishi sana, nimemwona kijana akilala njaa ili pikipiki ipate stika.

Taa za rangi ndizo zilizotugombanisha na askari wa barabarani. Faini ya kosa moja wakati ule ilikuwa 30,000, hesabu ya siku sita. Kwa pikipiki ilishushwa hadi 10,000 mwaka 2021, mimi nikiwa nimeshaacha kazi hiyo. Fundi umeme alinivutia waya kutoka kwenye betri, akanifichia swichi chini ya usukani ili nizime nikiona sare nyeupe.

Lakini barabara yetu inakatiza mapori ya Kasindaga kuelekea Biharamulo, ambako mabasi yalizoea kusindikizwa na polisi wenye silaha kwa sababu ya majambazi. Usiku hakuna aliyependa kupita peke yake. Tulingojana, tukaongozana, na kila mmoja alikuwa na mpango wake wa rangi chini ya tangi: zangu buluu mbili na kijani katikati. Umesimama gizani na pancha, unaona taa zinakuja. Kwa rangi zile unajua kama ni Muda Mwalimu au ni wa kukimbia. Novemba taa hizohizo zilivuta senene, nami nikafika nyumbani na kitoweo ndani ya jaketi.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, mchana, tetemeko la ukubwa wa 5.9 likaipiga Bukoba. Mama mmoja akaja kijiweni anatetemeka: binti yake anaishi Hamugembe na simu haipatikani. Mzee wangu hakuruhusu Boxer ivuke Muleba. Nikampeleka hadi hapo, nikamkabidhi kwa mtu wa raba ya SUBIRA, ambaye sikuwahi hata kunywa naye chai.

"Waitu, huyu unamjua?" mama akaniuliza.

"Namjua kwa nyuma, mama."

Subira akamfikisha Muhutwe, huko akapokelewa na mwingine hadi Hamugembe. Usiku simu ikaita: binti mzima, nyumba imepasuka. Nauli ililipwa kwa yule wa mwisho, na mgawo wangu ulinifikia Muleba wiki iliyofuata bila kuudai.

Mwaka ulipoisha, mzee akauza Boxer. Desturi ya kijiwe ilikuwa wazi: chombo cha tajiri, mapambo ya dereva. Vijana wakaja na spana zao, raba tukaifungua, kiti tukakirudishia ngozi ya kiwandani niliyokuwa nimeitunza uvunguni. Mzee akazitazama taa.

"Hizo ziache, kijana. Zinaipendezesha."

"Hizo ni elfu thelathini, mzee."

"Na waya wangu ulioutoboatoboa?"

Tukamalizana kwa kumi na tano na soda. Aliyeinunua alikuwa mtu wa Nshamba, mkimya, asiye na kijiwe. Nasikia kwa miezi kadhaa kila alipopita usiku alipigiwa honi mara mbili, akawa anaegesha pembeni kukagua kama gurudumu limepata pancha.